Saa ya Kuanza Kuogopa

Mume wangu alikuwa mtu wa kunyamaza, na mimi nilikuwa mtu wa kuuliza. Pale Mabanga, mtaa wetu wa Goma, kila aliyetujua alilijua hilo. Wanawake walioniletea vitenge niwashonee walizoea kunisikia, mguu ukiwa kwenye cherehani na simu imebanwa begani, nikiuliza uko wapi, uko na nani, unarudi saa ngapi. Walicheka. Walisema nampenda sana mume wangu. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua kilichokuwa kikinisumbua hakikuwa kitamu kama walivyodhani.

Nilizaliwa Kibumba, kwenye nyumba ya wakulima wa viazi na kabichi. Nilikuwa bado sijaanza shule tulipokimbia mara ya kwanza. Mama alinibebesha sufuria ndogo kichwani, yeye akambeba mdogo wangu mgongoni, akafunga mavazi yetu kwenye shuka, akanishika mkono, tukaingia barabarani kuelekea Goma. Watu walijaa barabara nzima, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na mbuzi, na baiskeli, na wazee waliobebwa kwenye machela. Halafu nyuma yetu bunduki zikalia, na umati wote ukaruka mbele kama mtu mmoja. Sikumbuki kuuachia mkono wa mama. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimeshika kitenge cha mwanamke, na nilipoinua macho uso haukuwa wa mama.

Mwanamke huyo hakunifukuza. Alinipeleka pamoja na watoto wake hadi kambi ya Mugunga, akanipa nafasi chini ya plastiki yake, na kila alipogawa chakula aliniwekea na mimi. Kila mwanamke aliyepita mbele ya hema nilimtazama miguu kwanza, kwa sababu nilikuwa mfupi na miguu ndiyo niliyoiona. Mama aliponipata hakulia. Alinikagua masikio, meno, magoti, kama mtu anayekagua mbuzi kabla ya kumnunua, kisha akaketi chini kwenye mawe na akashindwa kusimama.

Tangu hapo sikumwachia. Nilimfuata shambani, kisimani, hata chooni, nikisimama nje ya mlango na kumwita ili anijibu. Nilipoanza shule nilitoroka wakati wa mapumziko ili nikahakikishe yuko nyumbani, kisha nikarudi nikipumua kwa nguvu na kuchapwa kwa kuchelewa. Watu walimwambia mama kwamba nitakua, nitaacha. Nilikua, lakini sikuacha. Nilibadilisha tu mtu wa kumfuata.

Mtu huyo nilimpata alipokuja kurekebisha mlango wa duka nilipokuwa nikijifunza kushona. Alikuwa seremala, Mnande wa Butembo, mwenye mikono mipana na sauti ndogo. Alifanya kazi asubuhi nzima bila kusema neno, akafunga mlango, akaufungua, akaufunga tena, akatabasamu. Niliupenda utulivu ule. Nilidhani ni amani.

Baadaye ndipo nilipojua ulikotoka. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa safari ndefu, na aliuawa njiani wakati mume wangu alikuwa bado kwenye shule ya msingi. Siku ya matanga nyumba ilijaa watu wanaolia. Baba yake mdogo alimchukua nyuma ya jikoni akamwambia kwamba wadogo zake watamtazama yeye, na akilia watalia wote, na mama yao hataweza. Basi hakulia. Hakulia siku ile wala zilizofuata. Alinisimulia jambo hilo mara moja tu, tukiwa wachumba, kwa sauti ileile ambayo angetumia kueleza alivyojifunza kushika randa. Dada yake mkubwa ndiye aliyemlea baada ya hapo, na huyo dada ndiye mtu pekee duniani ambaye niliona akimsikiliza bila kugeuza macho.

Tulipooana, mambo yetu mawili yalikutana chini ya bati moja. Jioni moja alichelewa kurudi kutoka karakana. Nilimuuliza alikuwa wapi, akasema kazini. Nikamuuliza kazi gani, akasema kazi tu. Nikamuuliza kama amenichoka. Aliweka kijiko chini, akanawa mikono, akatoka. Nilimfuata hadi barabarani. Alitembea haraka, nami nikaongeza mwendo, na vijana wa pikipiki waliokuwa wakingoja wateja pale kona waligeuka wote kututazama.

Alisimama akasema, bila kupandisha sauti, "Mama, rudi ku nyumba. Tafazali."

"Ongea kwanza," nikasema.

Alipanda pikipiki ya kwanza iliyokuwa karibu, akaondoka. Alirudi kesho yake asubuhi akiwa na mkate wa moto kwenye karatasi, akauweka mezani, akaniuliza kama chai iko tayari. Kwake yeye, mkate ule ulikuwa umesema yote. Mimi nilikuwa nimekaa macho nikingoja sentensi moja.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Sikuwahi kumwona na mwanamke mwingine, hakuwahi kuninyanyulia mkono, hakulewa. Ukimwuliza jirani yeyote angekuambia nimepata mume mwema. Lakini kila nilipohisi anajitenga kidogo nilimvuta, na kila nilipomvuta alijitenga zaidi, na kadiri alivyojitenga ndivyo nilivyouliza kwa sauti kubwa. Mtoto wetu wa kike alipozaliwa tulipata nafuu kwa muda, kwa sababu wote wawili tulikuwa na mtu wa kumtazama. Kisha akaanza kutembea, na nikaona kwamba akisikia sauti yangu inapanda anaacha mchezo wake na kuja kunishika sketi.

Halafu vita vikakaribia tena. Mara hii nilikuwa mtu mzima, na nilijua sauti zile ni za nini.

Zilianza kaskazini, upande wa Rutshuru, kama mtu anayeburuta makabati mazito mbali sana. Shule zikafungwa. Mama yangu akashuka kutoka Kibumba na jembe lake na mbegu za maharagi ndani ya kitambaa, kwa sababu alisema hawezi kuwaachia askari mbegu. Tulimtandikia sebuleni. Kila siku barabara ilileta watu wapya, na kila mtu alikuwa na habari yake, na hakuna habari iliyolingana na nyingine. Wengine walisema mji utaanguka, wengine walisema hauwezi. Wenye ndugu Gisenyi, upande wa Rwanda, walianza kuvuka mpaka na mabegi madogo ili wasionekane kama wanakimbia.

Dada mkubwa wa mume wangu, yule aliyemlea, alikuwa anaishi Sake na watoto wake. Mume wake alikuwa kazini mbali, Kisangani. Tulijua kwamba vita vikizunguka upande wa magharibi, Sake itaguswa kabla yetu. Mume wangu hakulitaja jambo hilo hata mara moja. Alianza tu kuamka mapema sana na kupiga randa mbao ambazo hakuna mteja aliyeziagiza. Nilimwuliza ana nini.

"Hakuna kitu," alisema.

Nilimwuliza tukimbie au tubaki. Alisema tutaona. Nilimwuliza tutaona nini, na tutaona lini, na mabomu yakishafika kwenye paa tutakuwa bado tunaona? Nilimwambia hana moyo. Mama yangu alikuwa pale anachambua mboga, akainamisha kichwa. Mume wangu alinitazama, na nikaona uso wake ukifunga kama duka linavyofungwa askari wakipita. Hakuondoka, kwa sababu siku zile hakukuwa na pa kwenda. Lakini hakuwepo.

Siku moja asubuhi alikunywa chai amesimama. Aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, akasema anaenda karakana. Niliona amevaa viatu vyake vya kufunga, si kandambili za kazi, na nilifungua mdomo niulize. Kisha nikakumbuka ugomvi wa jana yake, nikaufunga mdomo. Alitoka.

Jua lilikuwa halijafika juu sauti zilipohamia magharibi. Hazikuwa tena za mbali. Vyombo vililia kwenye rafu. Nilimpigia simu, ikaita, ikakatika. Nilipiga tena, ikaita muda mrefu. Niliporudia mara nyingine yule mwanamke wa mtandao akaniambia kwamba nambari hiyo haipatikani.

Nilikimbia hadi karakana. Mlango ulikuwa na kufuli. Mzee wa kuchomelea vyuma, jirani yake, aliniambia kwamba mume wangu alipita asubuhi akachukua chukudu yake kubwa, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma anayobebea mizigo, akaipakia kwenye gari lililokuwa linaelekea Sake.

"Hakukuambia, mama?" akauliza.

Wakati huohuo pikipiki iliingia kwenye kona, dereva wake amejaa vumbi jeupe. Alisema ametoka Mugunga. Alisema kutoka Sake watu wanakuja kama maji, na mabomu yanaanguka karibu na barabara, na hakuna gari linaloweza kwenda mbele. Sikungoja amalize.

Nilifika nyumbani nikamchukua mtoto, nikatafuta kitenge cha kumfunga mgongoni ingawa alikuwa amekua na miguu yake ilining'inia. Kitenge kilianguka, nikakiokota, kikaanguka tena. Mama yangu alisimama mlangoni.

"Unaenda wapi na mutoto?"

Nilimwambia naenda kumtafuta baba yake. Nilimwambia nitaanzia Mugunga, na nisipomwona nitaendelea mpaka nimwone.

"Muache mutoto hapa," alisema.

Nilimshusha mtoto. Aliung'ang'ania mguu wangu kwa mikono yote miwili, akalia kwa sauti ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia kutoka kwake. Nilijaribu kumbandua vidole, kimoja kimoja. Kila nilichobandua kilirudi. Mama alikuja, lakini hakumshika mtoto. Alinishika mimi, kwenye mabega.

"Nisikilize," alisema. "Mimi sikukuachilia. Nilikushika na nguvu yangu yote. Batu balitusukuma, mukono yako ikatoka. Nikarudi nyuma kukutafuta na mudogo yako ku mugongo, na batu bakatukanyaga. Kidogo naye angekufa. Usiingie mu ile barabara na mutoto. Na usimuache akilia vile."

Sikuwa nimewahi kumwuliza. Miaka yote ile, hakuwa amewahi kusema. Nadhani kila mmoja alifikiri mwenzake anajua. Niliketi pale pale kwenye kizingiti, mtoto akapanda mapajani mwangu na kuficha uso kwenye kifua changu, akitetemeka, na mama akaendelea kunishika mabega kwa nyuma kama mtu anayezuia kitu kisianguke.

Sikwenda.

Kungoja kule kulikuwa kugumu kuliko kukimbia. Ukikimbia mwili una kazi. Nilikuwa nataka kupiga simu kila nilipovuta pumzi, na mama akanichukua simu akaiweka ndani ya kabati, akasema betri itaisha na mume wangu akipiga hatatupata. Alinipa maharagi nichague. Nilichagua. Niligundua, nikitoa vijiwe kwenye sahani, kwamba hasira yangu na woga wangu vilikuwa kitu kimoja. Kikigeukia huku kilisema amekufa, kikigeukia kule kilisema ngoja arudi ataniona. Mbele ya nyumba yetu watu wa Sake walikuwa wameanza kupita. Mwanamke mmoja aliomba maji, nikampa, na baada yake wakaomba wengine, na hilo lilinisaidia, kwa sababu kila niliyempa maji nilimwuliza kama amemwona mwanamume mrefu na chukudu kubwa. Hakuna aliyemwona. Wote walikuwa wameona chukudu nyingi na wanaume wengi.

Alikuja jua likiwa limeinama lakini bado lipo. Niliiona chukudu kwanza, na godoro limefungwa juu yake kwa kamba, na juu ya godoro watoto wawili wameketi. Dada yake alikuwa akisukuma nyuma, na mtoto mchanga mgongoni. Mume wangu alikuwa mbele, ameinama kwenye usukani, na nywele zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi hivi kwamba kwa kitambo nilimwona atakavyokuwa akizeeka.

Nilisimama. Maneno yalipanda ndani yangu kama maziwa yanavyopanda kwenye sufuria. Yote niliyokuwa nimeyapanga tangu asubuhi yalikuja kwa pamoja: ulidanganya, ulizima simu, una mtoto, una mke, mimi ni nani wako. Naye akainua macho akaniona. Hapo niliona kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona kwa sababu siku zote nilikuwa tayari nazungumza. Uso wake ulianza kufunga kabla sijafungua mdomo. Alikuwa amevuka mabomu, na aliyemwogopa pale mlangoni alikuwa mimi.

Nilimpokea dada yake mtoto mchanga. Nilisema karibuni. Hilo tu ndilo lililotoka. Mama yangu akaleta maji ya kunawa, tukapika ugali mkubwa, tukala wote kwenye sinia, na hakuna aliyeuliza kitu. Yeye alikula akinitazama kwa pembeni, kama mtu anayetembea kwenye nyumba yenye mbwa bila kujua mbwa amelala wapi.

Kesho yake sauti zilitulia kidogo. Alikuwa nyuma ya nyumba anatengeneza kitanda cha wageni kutoka kwa mbao zake zisizo na mteja. Nilichukua nguo ya kupindwa upindo nikaketi juu ya rundo la mbao, si mbele yake bali ubavuni, kila mmoja akitazama kazi yake. Sikupanga kukaa hivyo. Ndipo palipokuwa na kivuli. Lakini nadhani kama ningeketi mbele yake, mambo yangekwenda kama siku zote.

Nilimwambia kwamba sitamwuliza kwa nini alikwenda. Ningekuwa na ndugu Sake ningekwenda pia. Randa iliendelea kutembea.

"Juu ya nini ulizima simu?" nikasema. "Hilo tu."

Alipiga randa ubao mzima hadi mwisho kabla hajajibu. Nilikuwa nimeuma uzi kwenye meno ili nisiongeze neno.

"Kila saa simu inalia, miguu yangu inakuwa nzito," alisema. "Nilijua ni wewe. Nilijua uko unalia. Na dada yangu alikuwa kule mbele. Kama ningekuambia asubuhi, ningebaki."

"Ungeniambia, ningelia, lakini ningejua."

"Mimi ukilia, sijue kitu cha kufanya." Alipuliza unga wa mbao. "Ukiuliza sana, masikio yangu inajifunga. Naona midomo yako tu. Siko nakukatalia, mama. Inajifunga yenyewe."

Tulikuwa tumeishi pamoja muda wote ule na mimi nilikuwa nikidhani anafunga kwa makusudi, kama mtu anavyofunga mlango kwa funguo. Nilimweleza na mimi la kwangu. Nilimwambia kwamba simu yake ikizimwa sioni tena kwamba mimi ni mtu mzima mwenye cherehani yake na mtoto. Ninakuwa kwenye barabara ya Kibumba, nimeshika kitenge cha mtu nisiyemjua. Alikuwa anaijua habari ile. Sidhani alikuwa amewahi kuiunganisha na simu.

"Sasa tufanye nini?" aliuliza, na nakumbuka kwamba hilo lilikuwa swali la kwanza aliloniuliza kuhusu sisi.

Nilifikiri kidogo. "Uniambie unaenda wapi, hata kama ni pabaya. Na uniambie saa gani naweza kuanza kuogopa. Mbele ya ile saa, sitakusumbua."

"Na ile saa ikipita?"

"Pale nitaogopa. Utanikuta nimeogopa. Na wewe hautatoka."

Alishika ukingo wa ubao kwa kidole gumba, akiupima kama ni laini. Kisha akasema na yeye ana moja: akisema ataongea kesho, nimwachie mpaka kesho. Nilisema sawa. Akasema atajaribu. Hatukukumbatiana wala nini. Mama yangu alituita tukale.

Hatukupewa muda wa kujifunza polepole. Siku chache baadaye vita viliingia kandokando ya mji. Tulilala chini sakafuni wote, watoto katikati, tukisikiliza risasi zikipita juu ya mabati. Umeme ukakatika, mabomba yakakauka, na mji mzima ukashuka ziwani kuchota maji. Watoto wa dada yake walikuwa wanaharisha. Asubuhi moja, kulipokuwa kimya kidogo, alichukua madumu akasimama mbele yangu. Nilimwona anavyojilazimisha, kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

"Naenda ku ziwa," alisema. "Mpaka saa sita usiogope."

Nilibaki. Saa sita ilifika, ikapita. Risasi zilikuwa zimeanza upya upande wa ziwani. Nilikaa na dada yake kwenye ukuta wa ndani, na sasa ahadi ilikuwa imekwisha, nilikuwa na haki ya kuogopa, na niliogopa kwa nguvu zangu zote. Alipoingia, dumu lake moja limetobolewa na nguo zake zimejaa matope, nilipiga kelele. Nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Nililia hadi nikakosa pumzi.

Alirudi nyuma hatua moja. Mkono wake ulishika kitasa cha mlango. Niliuona mkono ule, na dada yake aliuona. Alisimama hivyo, mabega yamepanda hadi masikioni, kama mtu aliyenyeshewa mahali pasipo na paa. Kisha akaachia kitasa.

"Niko hapa," alisema.

Hakusema lingine. Hakunigusa, hakunieleza kwamba alilala kwenye mtaro mpaka risasi zilipoacha. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Alibaki tu amesimama mpaka kilio changu kikaisha chenyewe, na kiliisha mapema kuliko kilivyowahi kuisha. Dada yake aliniambia siku nyingine, tukiosha vyombo, kwamba tangu matanga ya baba yao hajawahi kumwona akibaki kwenye chumba kimoja na mtu anayelia.

Singependa mtu afikiri kwamba siku ile ilitutengeneza. Mji ulipotulia chini ya watawala wapya, alikuta karakana imevunjwa na vifaa vyote vimebebwa, hata meza ya kazi. Alirudi kwenye kimya chake akakaa humo muda mrefu. Nami nilirudi kwenye simu. Wiki nyingine nilimpigia kama zamani, naye aliizima kama zamani. Tulikosana vibaya, na mara moja nilihamia sebuleni kwa mama na mto wangu. Lakini tulikuwa na sentensi chache ambazo tulikuwa tumeshazisema na zisingeweza kurudi ndani. Nilianza kumtambua akiwa karibu kufunga, kwenye taya, na wakati mwingine niliweza kunyamaza hapohapo. Wakati mwingine sikuweza. Na yeye alianza kusema kesho. Nilichukia neno lile, lakini kesho ikifika alikuwa anakuja kweli, na randa ya kuazima mkononi, na anaongea akipiga mbao.

Dada yake alikaa nasi hadi mume wake alipopata njia ya kuwaita Butembo, kwa wazazi wake. Barabara ya moja kwa moja ilikuwa imefungwa, kwa hiyo ilibidi wazunguke kupitia Rwanda na Uganda, safari ya kuchosha na watoto wale. Mume wangu aliwasindikiza hadi mpakani. Aliniambia anarudi saa tisa, akarudi kabla ya saa tisa, mvua ikiwa inaanza.

Nilikuwa nashona sare za shule. Alivua viatu, akasimama nyuma yangu.

"Uko na kazi mingi?" aliuliza.

Nilisema iko, ndiyo.

"Iache kidogo. Kuja ukae hapa."

Niliacha cherehani nikaketi naye kwenye benchi la mlangoni. Mvua ilianza kupiga mabati, mwanzoni polepole, kisha kwa nguvu. Alikuwa ameweka mikono katikati ya magoti. Akasema anajisikia vibaya. Akasema hajui atamwona dada yake lini, na kwamba pale mpakani walipoagana alitaka kumwambia kitu, ikashindikana. Nilikuwa na maswali yamejaa mdomoni: kitu gani, kwa nini ikashindikana, kwa nini usimpigie sasa hivi. Nilisogea tu karibu mpaka bega langu likagusa lake, na nikasikia kwamba bega lake linatetemeka.

Binti yetu alitoka ndani, akatutazama, akamtazama zaidi baba yake. Akamwuliza ana nini machoni.

Nilimngojea aseme hakuna kitu. Alipangusa uso kwa kiganja.

"Nalia," alimwambia. "Dada yangu ameenda."

Mtoto alilifikiria jambo hilo. Kisha akajipenyeza katikati yetu kwenye benchi, akatuomba tusogee kwa sababu mvua inamrushia matone, na sisi tukasogea.